Elektrolisisi ya mimumunyo ya chumvi: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Jaribio la elektrolisisi, yaani kutenganisha kemikali kwa mkondo wa umeme, likikwama, wengi hukimbilia chumvi. Huongeza kijiko kingine, hukoroga, kisha hupandisha volti, na tatizo moja huzaa mawili. Kabla ya kugusa mmumunyo, soma ammita, yaani kipima mkondo. Ndiyo inayokuonyesha kama hitilafu iko kwenye saketi au kwenye kemia, na hizo mbili hazitibiwi kwa dawa moja. Iweke hata kama karatasi ya maelekezo haikuitaja.

Maelezo yaliyo hapa yanachukulia mpangilio wa kawaida: bika ya 100 cm³, vijiti viwili vya kaboni (ndizo elektrodi) vilivyozama sentimita 3 na kuachana sentimita 2 hadi 3, chanzo cha 6 V DC (mkondo wa upande mmoja), ammita, na reostati ya kupunguzia mkondo. Mmumunyo wa chumvi uwe mzito: gramu 30 za sodiamu kloridi kwa kila 100 cm³ za maji. Maji ya joto la kawaida hubeba takriban gramu 36, baada ya hapo chumvi hubaki chini. Lenga mkondo wa 0.2 hadi 0.5 A. Zaidi ya hapo unazalisha klorini nyingi kuliko unavyohitaji na kuchosha elektrodi bure.

Ammita iko sifuri, hakuna mapovu

Ama saketi imekatika mahali, ama chanzo hakitoshi. Toa elektrodi kwenye mmumunyo, weka balbu ya 6 V mahali zilipokuwa, washa. Balbu ikiwaka na ammita ikasogea, nyaya na chanzo ni vizima. Tafuta kwenye elektrodi, klipu au mmumunyo. Usipime kwa kugusanisha elektrodi zenyewe, maana hiyo ni shoti na fyuzi itakwenda.

Klipu za mamba ndizo zinazoongoza kwa lawama. Chumvi hupanda kwenye kijiti cha kaboni pamoja na matone ya mapovu, ikafika kwenye meno ya klipu, ikaila. Ukungu wa kijani unaouona nje ni sehemu ndogo; vuta kile kifuniko cha plastiki nyuma utazame pale waya ulipokazwa. Mara nyingi waya umebaki nyuzi mbili tatu, au umekatika kabisa na kushikiliwa na plastiki tu. Kata, menya upya, kaza. Meno yasugue kwa msasa.

Kama unatumia multimita, angalia tundu ulilochomeka. Tundu la mA huwa na fyuzi ndogo, na mkondo wa nusu ampea unaweza kuikata kimyakimya. Kuanzia hapo multimita itasoma sifuri kwenye kila jaribio na watu watalaumu chumvi. Tumia tundu la 10 A.

Betri moja ya 1.5 V haitafanya kazi kwa maji ya chumvi, hata ikiwa mpya kabisa. Ili kutoa klorini upande mmoja na haidrojeni upande wa pili unahitaji takriban 2.2 V kwa hesabu tu, na kwa vitendo zaidi ya 3 V kwa sababu gesi haziachiliwi kirahisi juu ya kaboni. Betri nne za 1.5 V zilizounganishwa kwa mfululizo zinatosha. Ile betri ndogo ya mraba ya 9 V huanza kwa kishindo, halafu volti zake huporomoka mara tu unapoidai mkondo wa maana. Inafaa kwa onyesho la dakika mbili, haifai kwa kupima chochote.

Balbu haiwaki lakini mapovu yapo

Wengine huunga balbu kwa mfululizo na elektrodi ili iwe dalili ya mkondo. Hapa hakuna kilichoharibika. Balbu ya 0.3 A haitaonyesha hata wekundu kama mmumunyo unapitisha 0.1 A, ilhali mkondo huo unatosha kabisa kwa elektrolisisi. Balbu yenyewe ni ukinzani unaokula sehemu ya volti, kwa hiyo ukiitoa mapovu yataongezeka. Kuitumia kama ushahidi kwamba "mmumunyo haupitishi umeme" ni kosa linalojirudia kwenye ripoti nyingi za maabara.

Balbu inawaka lakini mshale wa ammita hautoki sifuri

Hii huwachanganya hata wazoefu. Balbu inang'aa, mapovu madogo yanatoka kwenye elektrodi zote mbili karibu sawasawa, na mshale wa ammita umelala au unatetemeka tu. Nyaya zimechomekwa kwenye matundu ya AC ya pawa saplai. Ammita ya mshale husoma wastani, na wastani wa mkondo unaokwenda mbele na kurudi nyuma ni sifuri. Kila elektrodi inakuwa anodi (upande chanya) na kathodi (upande hasi) kwa zamu, mara 50 au 60 kwa sekunde, kwa hiyo viashirio havitaonyesha upande wowote. Hamishia nyaya kwenye matundu ya DC. Gesi iliyokwisha kukusanywa imwage nje ya dirisha bila kuiwashia moto: ni mchanganyiko wa haidrojeni na klorini au oksijeni ndani ya testi tyubu moja, na mchanganyiko huo hulipuka.

Pawa saplai nyingi za shule hutoa DC isiyolainishwa, yenye mawimbi. Kwa elektrolisisi haina shida. Chaji iliyopita inategemea wastani wa mkondo, na wastani ndio ammita inaousoma.

Kama alama za chanya na hasi zimefutika, lowesha kipande cha karatasi ya kuchujia kwa maji ya chumvi yenye matone mawili ya fenolfthalini, kiashirio kinachogeuka waridi kwenye alkali, kisha gusisha ncha za nyaya juu yake zikiwa zimeachana sentimita moja. Pale panapogeuka waridi ni upande hasi.

Mkondo ni mdogo, au unashuka kadiri muda unavyokwenda

Vijiti vya penseli ndivyo mshukiwa wa kwanza. Risasi ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na kadiri penseli inavyokuwa ngumu ndivyo udongo unavyozidi. HB hupitisha, ila kwa uvivu. 4B au 6B ni bora zaidi. Chonga ncha zote mbili, na hakikisha klipu inauma grafiti yenyewe, si mbao wala rangi. Ukiwa na vijiti halisi vya kaboni, achana na penseli.

Mkondo ulioanza vizuri ukashuka polepole una maelezo matatu. Mapovu yanaweza kuwa yameng'ang'ania kaboni na kufunika eneo lake. Gonga kijiti kidogo kwa kucha uone kama ammita inaruka. Ikiruka, umepata jibu. Betri zinaweza kuwa zinachoka. Pima volti zake wakati saketi imewashwa, si ikiwa imezimwa, kwa sababu betri iliyochoka huonekana nzima isipobebeshwa mzigo. Au anodi inamomonyoka na kupungua unene.

Mkondo unaopanda taratibu ni joto tu. Mmumunyo hupata moto, na upitishaji wa ioni huongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Kwa jaribio la kuonyesha gesi hilo halina maana. Kwa jaribio la kupima masi lina maana kubwa: rekebisha reostati na kuandika mkondo kila dakika.

Mmumunyo umegeuka rangi isiyotarajiwa

Maji ya chumvi kwa elektrodi za kaboni hubaki angavu, isipokuwa rangi hafifu ya manjano-kijani kuzunguka anodi. Hiyo ni klorini iliyoyeyuka, na ndiyo unayoitafuta. Rangi nyingine zote zina chanzo chake.

Tope la chungwa au manjano, wakati mwingine lenye kijani: kuna shaba kwenye anodi. Ama elektrodi ni waya wa shaba, ama klipu imezama. Shaba iliyo kwenye anodi huyeyuka kabla klorini haijapata nafasi, kisha ioni zake hukutana na haidroksaidi inayotoka kathodi na kutengeneza tope. Inua klipu iwe angalau sentimita 2 juu ya mmumunyo na uanze na mmumunyo mpya, kwa sababu huo wa kwanza hausafishiki.

Tope la kijani chafu linalogeuka kahawia ni chuma. Misumari haifai kuwa anodi kwenye kloridi. Vijiko vya chuma kisichoshika kutu navyo havifai, na hapa sababu si uchafu tu: vina kromiamu, ambayo ikiwa anodi inaweza kutoka kama misombo yenye sumu. Wazo la kutumia vijiko huonekana kuokoa gharama. Likatae.

Unga mweusi chini ya anodi ni kaboni inayobanduka, jambo la kawaida. Mkondo ukiwa mkubwa au mmumunyo ukiwa mwepesi, unga huongezeka, kwa kuwa oksijeni inayotokea pale hula kaboni na kutoa kaboni dayoksaidi.

Wingu jeupe linaloshuka kutoka kathodi hutokana na magnesiamu. Chumvi ya kupikia isiyosafishwa sana na maji magumu vyote vina ioni za magnesiamu, na kathodi inapotengeneza haidroksaidi, magnesiamu haidroksaidi hujitenga kama utando wa maziwa. Tumia maji yaliyotoneshwa na sodiamu kloridi ya maabara. Kama mmumunyo ulikuwa na ukungu kabla hata ya kuwasha umeme, hiyo ni dawa ya kuzuia chumvi isigande. Uache utulie, kisha chuja. Iodini iliyoongezwa kwenye chumvi ya mezani ni ndogo mno, haitabadilisha chochote utakachokiona.

Klorini imetoka kidogo kuliko haidrojeni

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndipo panapostahili muda. Milinganyo inasema ujazo uwe sawa:

Anodi: 2Cl⁻ → Cl₂ + 2e⁻
Kathodi: 2H₂O + 2e⁻ → H₂ + 2OH⁻

Elektroni mbili huku, elektroni mbili kule, molekuli moja ya gesi kila upande. Lakini kwenye testi tyubu ya kathodi unakuta 8 cm³ na kwenye ya anodi 2 cm³, au hakuna kitu. Kabla ya kutilia shaka milinganyo, fikiria klorini inakopotelea.

Kwanza, inayeyuka. Maji ya nyuzi 20 humeza takriban mara mbili ya ujazo wake wa klorini. Kwenye maji ya chumvi mazito humezwa pungufu ya hapo, lakini bado gesi yote ya dakika za mwanzo inaishia ndani ya mmumunyo. Haidrojeni kwa upande wake karibu haiyeyuki. Tiba ni subira: washa umeme, acha upande wa anodi wazi kwa dakika 5 hadi 10 mmumunyo wa pale ushibe klorini, ndipo uanze kukusanya na kulinganisha. Kwenye voltameta ya Hofmann, kifaa cha kioo chenye neli mbili za kukusanyia gesi, hii ni kazi ya kufungua koki ya upande wa anodi tu, chini ya chemba ya kutolea moshi au dirishani. Ukusanyaji ufanyike juu ya maji ya chumvi mazito, si maji matupu.

Pili, inaliwa. Haidroksaidi iliyotokea kathodi ikisafiri hadi anodi hukutana na klorini:

Cl₂ + 2NaOH → NaCl + NaClO + H₂O

Umetengeneza blichi. Dalili yake ni harufu ile inayojulikana, na mapovu ya anodi yanayoonekana kuzimika kabla hayajafika juu. Kwenye bika iliyo wazi, iliyokorogwa, hali hii haiepukiki. Tumia neli ya U, na kama ni fupi weka kizibo chepesi cha pamba ya kioo kwenye mpindo wa chini. Usikoroge. Usisogeze meza.

Tatu, anodi inatoa kitu kingine. Mmumunyo ukiwa mwepesi, maji yenyewe huanza kuchangia: 2H₂O → O₂ + 4H⁺ + 4e⁻. Ukitazama jedwali la volti za kiwango, oksijeni (1.23 V) ingepaswa kutangulia klorini (1.36 V) kila mara. Haitangulii kwa sababu kuitoa kunahitaji elektroni nne na ni mmenyuko mvivu juu ya kaboni, kwa hiyo huhitaji volti za ziada. Klorini hupita mbele mradi kloridi ni nyingi. Ipunguze kloridi na faida hiyo inayeyuka kidogo kidogo. Hakuna mpaka mkali ambapo gesi moja inakoma na nyingine inaanza. Ndiyo maana mmumunyo "mwepesi" hutoa mchanganyiko ambao hauzimi kabisa kijiti chenye kaa (kipimo cha oksijeni) wala hauwashi vizuri.

Na kuhusu kipimo chenyewe: klorini ni sumu. Jaribio la darasani halihitaji zaidi ya mkondo wa dakika chache baada ya mmumunyo kushiba. Madirisha yawe wazi, mwenye pumu asikae karibu, na gesi itambuliwe kwa karatasi ya litmasi, si kwa pua.

Vipimo vya gesi vinakataa

Litmasi ya bluu haichujuki. Karatasi kavu haibadiliki; ilowe kwanza kwa maji. Ikigeuka nyekundu na kubaki nyekundu, klorini ni kidogo au haipo, pengine mmumunyo ni mwepesi. Klorini ya kutosha huipa wekundu kwa muda mfupi tu, kisha karatasi inakuwa nyeupe kuanzia kingo.

Haidrojeni haitoi mlio ikiwashwa. Fanya hesabu ya kiasi kwanza. Mkondo wa 0.2 A kwa dakika 5 ni kulombi 60, sawa na takriban 7.5 cm³ za haidrojeni katika joto la chumba. Kwenye testi tyubu ya kawaida hiyo ni nusu au chini. Kama umepata 3 cm³, mapovu yanapita nje ya mdomo wa testi tyubu. Shusha testi tyubu mpaka ncha ya elektrodi iingie ndani yake. Kama testi tyubu imejaa na hakuna mlio, huenda haidrojeni ni safi mno: huungua kimya mdomoni. Mlio huhitaji hewa kidogo ndani. Izibe kwa kidole ikiwa bado imeinamisha mdomo chini, ipeleke kwenye moto, fungua. Ukiigeuza juu kabla ya moto, gesi imekwenda.

Kijiti chenye kaa hakiwaki kwenye gesi ya anodi ya sodiamu salfeti. Gesi hiyo ni oksijeni, na hapo kaboni ndiyo yenye kosa: sehemu ya oksijeni imegeuka kaboni dayoksaidi. Kwa sababu hiyohiyo uwiano wa 2:1 kati ya haidrojeni na oksijeni haupatikani kwa vijiti vya kaboni. Utapata oksijeni pungufu. Platinamu huutoa vizuri. Tumia sodiamu salfeti ya 0.5 mol/dm³, yaani gramu 71 za unga usio na maji kwa lita, na uache jaribio liende dakika chache kabla ya kuanza kusoma vipimo vya neli, kwani oksijeni nayo huyeyuka zaidi ya haidrojeni.

Fenolfthalini haieleweki

Waridi pande zote mbili maana yake mmumunyo umechanganyika, au nyaya ziligeuzwa katikati ya jaribio. Waridi iliyotokea kathodi ikafifia inaweza kuwa imechujuliwa na klorini iliyovuka, au alkali imekuwa kali mno, kwani fenolfthalini hupoteza rangi taratibu kwenye alkali nzito. Ukungu mweupe mara tu baada ya kutia kiashirio ni wewe uliyetia nyingi: fenolfthalini imeyeyushwa katika alkoholi na haipendi maji, hivyo hujitenga. Matone mawili au matatu yanatosha 100 cm³.

Kuna pia swali linalokuja kila mara: sodiamu iko wapi? Haitoki. Maji hupokea elektroni kwa urahisi zaidi kuliko ioni ya sodiamu, kwa hiyo kathodi hutoa haidrojeni, na sodiamu hubaki kwenye mmumunyo pamoja na haidroksaidi. Ukiona kitu cha kijivu kwenye kathodi si sodiamu. Ni kaboni au uchafu.

Kopa salfeti: shaba ni nyeusi, inabanduka

Mrututu, jina jingine la kopa salfeti, ni chumvi mpole kuliko kloridi, haina gesi ya sumu, lakini inaadhibu haraka ya mtu. Shaba nzuri ni ya waridi-kahawia, imeshikamana. Ikiwa nyeusi na laini kama masizi, mkondo ni mkubwa kuliko eneo la kathodi linavyoweza kupokea. Ioni za shaba zilizo karibu na kathodi zimekwisha kabla nyingine hazijafika, na haidrojeni imeanza kutoka. Yale mapovu madogo ndani ya tabaka ndiyo yanayolifanya kuwa la sponji.

Kanuni ya kufuata ni miliampea 10 hadi 20 kwa kila sentimita ya mraba. Bati la shaba lililozama sentimita 2 kwa 4 lina cm² 16 ukihesabu pande zote mbili, kwa hiyo mkondo uwe kati ya 0.16 na 0.32 A. Mmumunyo wa 0.5 mol/dm³ hutengenezwa kwa gramu 12.5 za fuwele za bluu katika 100 cm³. Tia sentimita za ujazo chache za asidi ya salfuriki hafifu: huongeza upitishaji na kuondoa ule ukungu wa bluu hafifu unaotokea maji ya bomba yanapokutana na shaba. Ukitumia elektrodi za shaba pande zote, 1.5 hadi 3 V zinatosha sana, kwa kuwa kinachoyeyuka huku ndicho kinachoganda kule.

Msumari au ufunguo wa chuma hupata shaba hata umeme ukiwa umezimwa. Chuma huisukuma shaba nje ya mmumunyo, na tabaka hilo hutoka kwa kidole. Anayetaka kuonyesha upakaji wa shaba kwa umeme achague kaboni au shaba kama kathodi, au akubali kwamba tabaka juu ya chuma halitashika.

Bluu haififii

Kwa elektrodi za shaba haipaswi kufifia. Kwa kaboni inapaswa, ila si kwa kipindi kimoja kama bika imejaa. 100 cm³ za 0.5 mol/dm³ zina moli 0.05 za ioni za shaba, zinazohitaji karibu kulombi 9,650. Kwa 0.25 A hiyo ni zaidi ya saa 10. Punguza: 20 cm³ za 0.05 mol/dm³ zina moli 0.001, sawa na kulombi 193, na kwa 0.2 A ni dakika 16 kwa hesabu. Kwa vitendo itachukua muda zaidi, maana ioni zikiadimika sehemu ya mkondo inakwenda kwenye haidrojeni. Weka karatasi nyeupe nyuma ya bika na bika nyingine ya mmumunyo ule ule pembeni kwa kulinganisha.

Masi hailingani na hesabu

Mkondo wa 0.25 A kwa dakika 20 ni kulombi 300. Gawanya kwa 96,500 (kulombi za moli moja ya elektroni), gawanya kwa 2 (elektroni za kila ioni ya shaba), zidisha kwa 63.5 (gramu za moli moja ya shaba): gramu 0.099. Sasa tazama mizani. Kama inasoma hadi 0.01 g, kosa la kupima mara mbili peke yake linaweza kufika sehemu ya kumi ya jibu. Ongeza muda hadi dakika 40, au tafuta mizani ya 0.001 g, kabla ya kutafuta sababu za kina.

Kathodi ikiongezeka pungufu, shaba imedondoka bikani au wakati wa kuosha. Iinue taratibu, ichovye kwenye maji bila kuisugua, kisha kwenye asetoni, iache ikauke hewani. Kuikausha juu ya moto ni kosa mara mbili: asetoni hushika moto, na shaba yenye joto hugeuka oksaidi nyeusi yenye uzito zaidi. Kathodi ikizidi hesabu, mara nyingi haikukauka, au fuwele za mrututu zimenaswa kwenye tabaka lenye sponji.

Anodi ikipungua zaidi ya kathodi ilivyoongezeka, hiyo ni kawaida. Chembe na uchafu wa shaba huanguka kama tope. Ndiyo maana kathodi ndiyo inayoaminika kwa hesabu. Elektrodi zote zisuguliwe kwa msasa kabla ya kupimwa kwa mara ya kwanza, kwani oksaidi iliyokuwa juu yake huhesabiwa kama shaba iliyoyeyuka.

Potasiamu iodidi na wanga

Kahawia hutokea anodi na kugeuka bluu-nyeusi kwa wanga. Isipogeuka, wanga umechacha, au mmumunyo bado una moto. Rangi hiyo hupotea kwenye joto na kurudi ukipoa. Ikionekana kisha ikatoweka upande wa kathodi, iodini imekutana na haidroksaidi. Hapa 3 V zinatosha, kwa kuwa iodidi huachia elektroni zake kwa urahisi kuliko kloridi.

Umeme umezimwa, voltimita bado inasoma

Baada ya kuchomoa chanzo kwenye jaribio la maji ya chumvi, voltimita iliyobaki kwenye elektrodi huonyesha zaidi ya 1 V na kushuka polepole. Haijaharibika. Haidrojeni iliyong'ang'ania kaboni moja na klorini iliyong'ang'ania nyingine zimekuwa betri ndogo, zenye nguvu ya kupingana na chanzo ulichokuwa umekiwasha. Volti hizo ndizo sehemu ya kile ulichokuwa unalipia kwa kuhitaji zaidi ya 2.2 V. Elektrodi zikitolewa na kuoshwa, zinaisha.

Mmumunyo wa kloridi uliotumika una blichi ndani yake. Usiumwagie asidi kwa nia ya kuupunguza ukali wa alkali, kwa sababu klorini itarudi yote kwa mkupuo. Umwage kwa maji mengi. Kopa salfeti haimwagwi mferejini, ni sumu kwa samaki. Chuja, weka kwenye chupa yenye lebo, na uitumie tena. Vijiti vya kaboni viloweke kwenye maji yaliyotoneshwa usiku kucha, kwani vina vinyweleo, na chumvi iliyobaki ndani ndiyo itakayochafua jaribio linalofuata.